Korona ya Pongwe

"Korona ni ile pale," alisema Semkiwa,
akanionyesha kwa kidevu banda la mashine
linalochambua mkonge tangu enzi za babake.
"Nimeitumikia miaka ishirini na sita.
Imechukua vidole vyangu viwili. Mbwa wangu haijamgusa."

Mbwa wake anaitwa Deni, kwa kuwa haachi kumfuata.
Siku ya tatu anaharisha maji ya rangi ya chungwa,
na watoto wake wanne, macho hayajafumbuka,
wamebaki wawili.

Nikachovya kijiti cha pamba, nikaandika kwenye kichupa:
Pongwe, jike, rangi ya mchanga, ananyonyesha.
Barafu nilikopa kwa muuza juisi.
Sahare nilipata saba. Makorora kumi na mmoja,
mmoja wao kaacha meno kwenye suruali yangu.
Wa Raskazone wana kola na majina ya Kizungu
na kinyesi kile kile.

Mama haniruhusu kuvuka kizingiti
mpaka ninawe mara saba, ya kwanza kwa udongo.
Nanawa. Hata maabara hainidai hivyo.
Kisha anauliza: kirusi kimoja
kinapataje sura nyingi?

Dukani kwake, barabara ya kumi na mbili,
navuta kanga ya lile robota lililokuja na kosa.
Aliagiza WEMA HAUOZI,
kiwanda kikachapa WEMA HAUONI.

Herufi moja, mama.
Hiki kina herufi kama elfu thelathini,
kinajinakili usiku kucha ndani ya utumbo,
na msahihishaji wake husinzia.
Makosa mengi hufia rafuni, hayana mnunuzi.
Moja linapendeza, linavaliwa mtaa mzima.

Na mbwa akila jaa moja na paka,
wageni wawili hulala chumba kimoja,
kukicha anatoka wa tatu:
pindo la paka, mji wa mbwa,
doti isiyojulikana fundi wake.

Mama akaikunja taratibu ile kanga.
"Imebaki hii tu," akasema.
"Zenye kosa ndizo walizozigombania."

Asubuhi Pongwe, mashine inanguruma,
maji ya mkonge yananuka mtaroni.
Deni amesimama, mbavu kama kitana,
anamlamba mtoto aliyebaki.
Semkiwa anauliza jina la ugonjwa,
safari hii hachezi na maneno.
Namwambia, bado tunalisoma.