Jiwe la Kilo Tano

Nimepima samaki gatini Nyalukemba
miaka kumi na tisa, mizani ileile ya springi
ikining'inia kwenye boriti kama popo.
Kila alfajiri mitumbwi inaingia mitatu mitatu,
imefungwa pamoja kwa miti, taa zimezimwa,
na swali linashuka kabla ya beseni:
Zihalirwa, wewe ndiye unayeandika. Wanapungua?

Balola hasubiri jibu.
Enzi za baba yake, asema, wavu ulipandishwa
na watu sita wakitukanana,
sambaza wakamwagika ufukweni
hadi mbwa wakawapita bila kunusa.
Mwaka jana hadithi hiyo ilikuwa na watu wanne.
Mbwa, nakumbuka vizuri, hawakuwamo.

Mimi ninayo madaftari. Saba, ya jalada la kijani,
mawili yameliwa na panya,
kwa hiyo kuna misimu ya ziwa hili la Kivu
ambayo panya peke yake ndiye aijuaye.
Jumapili, mvua ikipiga mabati ya Kadutu,
niliyatandaza mkekani nikajumlisha.
Jumla haikushuka sana. Nikamimina chai.
Kisha nikahesabu timu:
mwaka ule wa kwanza, kumi na moja;
mwaka huu, thelathini na nne.
Mkate ni uleule, visu ndivyo vimezaana.
Chai ikapoa.

Nabintu, anayenunua kwa ndoo na kuuza kwa sahani,
hana haja na hesabu zangu.
"Zamani alinifika hapa," anaonyesha kidole cha kati,
"leo namlinganisha na kucha.
Namtia kwenye mafuta, namtafuta kwa kijiko."

Wengine wanasema ni gesi iliyolala chini.
Wengine, ni watu wa Idjwi.
Idjwi wanasema ni sisi.
Taa za karabai zimeondoka, zimekuja balbu za betri,
kali, nyeupe kama za chumba cha upasuaji,
na bado wavu unapanda mwepesi.
Wengine wanasema ni vyandarua vya mbu,
vinavyozoa hata kile ambacho hakijaanza kuitwa samaki.
Hapo mimi hunyamaza.
Tulipewa viwili nyumbani kwetu.
Chini ya kimoja tunalala.

Jana nikafagia chini ya meza, nikakuta jiwe.
Jiwe langu la siku ya kwanza,
nililolipeleka kwa muuza saruji, Essence,
likapimwa mbele ya mashahidi: kilo tano kamili.
Nililiandika 5 kwa rangi ya kucha ya mke wangu,
na wekundu huo bado upo, umepasukapasuka.
Nikalitundika, mchezo tu.
Mshale ukafika tano, ukapita,
ukasimama kwenye tano na nusu ukitetemeka.

Jiwe halinenepi.
Ni springi iliyochoka,
mwaka baada ya mwaka ikilegea kidogo,
ikinipa samaki ambao hawakuwahi kutoka majini.
Nami nikiwaandika, kwa mwandiko mzuri,
nikipiga mstari chini kwa rula.
Nilidhani natunza kumbukumbu ya upungufu.
Kumbe hata upungufu wangu nimeutia chumvi,
na chumvi yenyewe ya upande usiofaa.

Leo alfajiri Balola ametua na beseni moja.
Mshale umesema kumi na moja.
Nimeandika kumi.
Ameniita mwizi, mbele ya Nabintu, mbele ya wapagazi,
mwizi mwenye kalamu, aina mbaya kuliko zote.
Sikubishana. Nimempa jiwe alishike,
nikamweleza yote, tangu muuza saruji.

Amelishika kwa mikono miwili,
amelipandisha, amelishusha,
macho yake kule ambako taa za usiku zilikuwa.
"Hili?" akasema.
"Zamani lilikuwa zito zaidi."