Blanketi la Uyole

Mto Songwe nimeuvuka kwa miguu, saa moja asubuhi,
begi mgongoni, blanketi kwapani.
Afisa wa Kasumulu akafungua pasipoti,
akasoma jina, akatabasamu kidogo:
yeye Mwakalobo, mimi Mwakasungula.
Mwaka kwa Mwaka,
na katikati yetu miaka ishirini na mitatu.

"Sababu ya safari?"
Fomu ina vijisanduku: biashara, utalii, matibabu, masomo.
Masomo nilishamaliza, tena kwa taabu.
Hakuna kijisanduku cha kurudisha kitu cha mtu.
Nikatia alama kwenye utalii,
nikaona haya kama mwizi aliyesifiwa.

Kiswahili changu kilikuwa kimelala sandukuni
pamoja na blanketi hili, kwa nafutalini ile ile.
Karonga, blanketi la nini?
Kule joto halilali. Mtu hujifunika shuka moja,
na hiyo nayo huipiga teke kabla ya usiku wa manane.
Mke wangu aliuliza mara moja tu.
Nikamjibu, "La watu."
Kila mwaka nililianika, nikalikunja,
nikalirudisha gizani.

Basi likapanda. Mpunga wa Kyela ukabaki chini,
ikaja Tukuyu, ukungu, migomba imelowa chapa.
Masikio yakaziba, yakazibuka,
na kila yalipozibuka neno moja likarudi:
chenji.
Kitasa.
Mtondogoo.
Fungu la nyanya shilingi ngapi.
Tulipofika Igawilo nilikuwa nimefunga vifungo vyote vya shati
na bado meno yaligongana.

Uyole sikuijua.
Penye shamba la pareto pana kituo cha mafuta,
njia yetu ya mkato nyuma ya chuo imezibwa kwa ukuta.
Nikasimama kama ng'ombe aliyeuzwa
akatoroka kurudi zizi la zamani, akakuta limejengewa.
Nikamuuliza kijana wa bodaboda kwa Bibi Gwantwa.
"Gwantwa wa kanisani au Gwantwa wa viazi?"
Wakati wetu alikuwa mmoja.

Alikuwa uani, anachambua mbegu:
zilizochipua huku, zilizooza kule.
Hakuniangalia mimi. Aliliangalia blanketi.
Akalivuta pembe, akaligeuza, akatafuta
mpaka akakiona kiraka cha sare ya kwaya, bluu,
kilichoshonwa kwa uzi mwekundu
kwa kuwa siku ile mwingine haukuwepo.
"Hili langu," akasema.
"Sasa wewe, nani?"

Nikasema, Mmalawi.
Nyumba ile hakuna aliyeitwa jina:
palikuwa na Mfipa, Mnyiramba,
Mmakonde wa chumba cha jikoni, na Mmalawi.

Akajifuta udongo mikononi.
"Hapa walipita Wamalawi watatu.
Mmoja alilia siku nne kwa barua ya msiba.
Mmoja aliniunguzia maharage na sufuria juu yake.
Wa tatu aliondoka alfajiri na blanketi,
kodi ya miezi miwili hajalipa.
Wewe ni yupi?"

Nilikuwa peke yangu.
Miaka yote ile, Mmalawi mmoja tu.
Nikafungua mdomo. Nikatazama viazi.
"Wa blanketi," nikasema.
"Nilijua. Yule wa barua alikuwa na uso wa huruma."

Pesa alizihesabu mara mbili,
akazifunga kwenye pindo la khanga,
akauliza bila kuinua macho,
"Na wa maharage, yu hai?"
"Yu hai. Ana watoto wanne."
"Mwambie sufuria ilitakata. Nilisugua kwa mchanga."
Nikasema nitamwambia.

Baridi ilishuka mapema, imenyooka kama msumari.
Akanikuta nimejikunja kwenye kochi,
nimejifunika koti na gazeti.
Akanirushia blanketi lile lile.
"La kulalia tu," akasema, akishika taa mlangoni.
"Asubuhi nalikagua."