Kikapu cha Aulikki

Treni ya alfajiri, Oulu kwenda Tampere.
Kompyuta mapajani, kikapu cha uyoga miguuni,
kisu kidogo kimeviringwa kwenye leso.
Kesho atasimama mbele ya watu mia tatu
aeleze kosa lililomkeshesha wiki mbili:
herufi O, imevaa nguo za sifuri.

Hatawaambia alilionea wapi.
Alikuwa amechuchumaa msituni, magoti yameloa,
akitenga uyoga wa kuliwa na pacha wake mwenye sumu,
mkono ukasita.
Akacheka peke yake, akakimbia,
kikapu akakisahau hadi jioni.

Kondakta anachungulia: “Wa kukaanga?”
“Kwa siagi,” anajibu. “Na kitunguu, kama kipo.”
Anaifunga kompyuta,
slaidi ya mwisho bado tupu.