Futa Hapo

Niliandika: "Mlalamikiwa akashikwa na hasira."
Tupokigwe akainama juu ya meza ya baraza,
kitenge kikinuka moshi wa mkaratusi,
akaweka kidole penye wino mbichi.
"Futa hapo, karani.

Hasira naijua. Ilinijia mwaka juzi
alipoongeza kilemba cha kwanza juu ya gunia.
Nikafoka mpaka mbwa wa Isyonje wakanisaidia.
Hasira ina mate, ina kelele,
inavunja kikombe kisha inakilipia.
Kufika jioni nilikuwa namenya viazi, nacheka.

Mwaka jana akaongeza kilemba cha pili.
Nikaona aibu tu. Aibu haina kesi, iache.

Ila mwaka huu...
unaijua sakitu, wewe mtu wa Kyela?
Usiku wa Juni, nyota tupu, upepo umekufa,
hakuna anayesikia kitu.
Asubuhi shamba limesimama vilevile,
kila jani mahali pake.
Jua likigusa tu, ndipo unaona: jeusi,
limeungua, na moto haukuwepo.

Hivyo. Nilimkaribisha ndani. Nikampa chai.
Nikamuuliza habari za mwanawe aliyevunjika mguu,
na kweli nilitaka kujua.
Kisha nikachukua kisu cha majani ya ng'ombe,
nikafumua magunia arobaini, moja moja,
kwenye mshono, bila kukwaruza kiazi.
Vikateremka vyenyewe mpaka lami.
Mwenye hasira humwaga chai, karani.
Mimi nilimwongezea sukari."

"Ghadhabu ni neno la kanisani, mama."

"Hata sakitu hutoka juu."

Mwenyekiti akakohoa. Faini ni ileile,
kwa neno hili au lile.
"Najua," akasema, akifungua pindo,
noti zikitoka zimekunjwa, zina udongo.
"Nalipa. Ila nilipie kilicho changu."

Nikafuta. Karatasi ikatoboka.
Nikaandika pembeni, polepole: ghadhabu,
na kwa mara ya kwanza nikasikia
neno hilo linavyoanzia mbali kooni,
kule ambako hasira, yenye pumzi tu, haifiki.

Nje, mtoto alipita na ndoo ya viazi vya kuokota.