Mbili kwa Tatu

Waja leo waondoka leo, ndivyo mji huu unavyosemwa,
lakini pikapu yako, Semkiwa, ina siku ya kumi na moja
uwanjani kwangu, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
boneti wazi kama mdomo wa mtu kwa daktari wa meno,
na kila magharibi unapita, unauliza lile lile:
"Itafuka?"

Haitafuka.
Keti juu ya ringi hilo nikueleze, mara ya mwisho.

Tabo ndogo, ile iliyotoka nayo kiwandani,
ni mtoto wa chekechea: ukimgusa tu, kaamka,
kapiga mayowe, kakimbia hadi mlangoni, kachoka.
Kule kona za Amani, mifuko thelathini ya saruji mgongoni,
pumzi imekwisha kabla ya kona ya tatu.

Hii kubwa niliing'oa kwenye lori lililolala ubavu Segera.
Konokono wa chuma. Mzito, mvivu.
Peke yake ungeisubiri kama malipo ya mkonge.

Basi nimeziunga, moja ndani ya pumzi ya nyingine.
Moshi ukitoka injini unampiga mdogo kwanza,
ukimpita, bado una moto, unamwamsha mkubwa;
mkubwa anavuta hewa ya mtaa kupitia kichujio,
anaikandamiza, anamkabidhi mdogo,
na mdogo anaikandamiza tena.
Hazijumlishwi, Semkiwa. Zinazidishana.
Mbili kwa tatu si tano.

Hesabu hiyo alinifunza marehemu Zahoro, kwa nati, sakafuni,
watu wakimwuliza ya nini kumchosha
binti aliyekuja kuuza vitumbua.

Bomba nimelichomelea mara tatu.
La kwanza lilibusu fremu.
La pili lilisogea karibu na waya wa taa, plastiki ikanuka.
La tatu nililipima kwanza kwa kamba ya katani,
nikaipindapinda hadi ikakubali.
Na njia ya oili ya kurudi lazima iteremke, iteremke tu:
oili haina tabia ya kupanda; ikikwama itapenya kwenye sili
nawe utaupata huo moshi wako, wa buluu,
na mazishi juu yake.

Jana tuliijaribu, mimi na Kaniki, barabara ya Pongwe.
Ikavuta, ikavuta,
PAA!
Wapiga kokoto wakalala chini.
Mama mmoja akamwita Mungu kwa majina yote aliyoyajua.
Kaniki alikwisha kuruka, gari bado linatembea.
Kumbe klipu. Klipu ya mpira wa hewa, ya elfu mbili,
uliyoninunulia wewe
kwa kubana matumizi.

Leo alfajiri nimefunga nyingine, pana, za chuma,
tukapanda Amani na saruji.
Geji ya upepo ikainuka bila fujo.
Kona ya tatu. Ya saba. Gia ya tatu, haikuomba ya pili.
Joto la ekzosi mia sita na arobaini, likatulia hapo
kama mgeni aliyeonyeshwa kiti.
Nikatazama kiooni:
barabara, majani ya chai, mtoto na ndoo yake.
Vyote vinaonekana.

Unaniangalia kama niliyekunyima kitu.
Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa, bwana,
ni noti zako zinapaa, na wenzako wanapiga makofi.

Najua una bisibisi.
Najua Ijumaa utawapitia pale Chumbageni
na mkono utawasha: robo mzunguko tu, skrubu ya pampu,
nani atajua?

Nimeipaka rangi ya kucha, nyekundu,
iliyobaki harusi ya mwanangu.
Ikipata ufa, hata kama unywele, nitauona.

Funguo hizi hapa.
Na hela ya klipu nimeitia kwenye bili.