Ukoko na Utando

Miaka kumi na tisa nimeuengua utando wa maziwa,
nikaumimina kwenye kifuniko, nikampa paka wa Mama Sheuya,
nikajiona mtu mwenye akili.
Paka yule hakunenepa.
Mpaka leo anaruka ukuta wa barabara ya kumi na mbili
utadhani hana mifupa.

Mimi, niliyekuwa nakwangua ukoko
sufuria ikalia, Ngamiani nzima ikajua Mwantumu amemaliza kula,
mimi ndiye niliyepanda ngazi tatu nikaomba kiti.

Hofu hii niliirithi.
Baba alianguka uani, upande wa kulia ukatangulia kufa,
na waliokuja kuzika walinong'ona: mafuta.
Hakuna aliyehesabu vijiko vya sukari kwenye chai yake,
sita, na cha saba cha kulamba.
Mafuta ndiyo yaliyobebeshwa jeneza.
Tangu hapo kuku wangu alivuliwa ngozi,
changu alichemshwa kama soksi,
na mchuzi nikaupika kwa tui la tatu,
maji yaliyosikia tu habari za nazi.

Halafu Bombo. Nesi Mwamvita akanitoboa kidole,
akaitazama mashine, akanitazama mimi.
"Kumi na nne. Na hujala?"
"Tangu jana."
Akaandika nyuma ya kadi, mwandiko wa haraka:
ugali, wali, muhogo, mkate, punguza sana.
Sukari, basi.
Yai kula, samaki kula na ngozi yake, mboga, nazi, samli kidogo.
Nikaigeuza kadi huku na huku
nikitafuta mahali palipoandikwa *usiogope*.
Hapakuwepo.

Na kazi yangu ni mikate ya kumimina.
Kila alfajiri mikono imo kwenye unga wa mchele hadi kiwiko,
nauza nisichoruhusiwa kuonja.
Siku ya kwanza kichwa kiliniuma.
Siku ya pili nilimgombeza mteja aliyetoa pesa kamili.
Siku ya tatu nililia,
si kwa njaa, nililia bada,
lile tonge jeusi la muhogo linaloteleza kooni bila kubisha hodi,
nikalilia kama watu wanavyolia msibani,
kwa kutaja sifa zake.

Mhando akalisogeza bakuli la samli mbali na mkono wangu
kama mtu anayeficha sumu ya panya.
"Umemsahau baba yako?"
Mama Sheuya naye, kutoka dirishani:
"Mgonjwa wa sukari anakula mafuta?
Makubwa! Madogo yana nafuu."

Ijumaa nilikuna nazi mbili peke yangu.
Nikakamua kasimele, zito, jeupe,
likaning'inia kwenye kijiko likikataa kudondoka.
Ndani yake pweza, pilipili, ndimu,
pembeni mchunga, mchungu kama jina lake.
Hakuna wali. Sahani ilionekana uchi.

Bismillahi.
Nikameza.
Nikaweka kijiko chini, nikausikiliza moyo
kama unavyosikiliza hatua za mtu usiyemjua uani.
Nje muuza kahawa alikuwa anagonganisha vikombe.
Moyo ukagonga. Ukagonga tena.
Haukuwa na jambo jipya la kuniambia.

Nikala hadi nikafika mahali nilipokuwa nimepasahau.
Kujaa nilikujua, kila siku nilijaa,
na saa moja baadaye mkono ulikuwa kabatini.
Hii ilikuwa shibe.
Nilikaa nayo kimya, kama mgeni
ambaye hujui kama atalala au ataondoka.

Mwezi umepita. Mashine imesema tisa.
"Bado safari," kasema Mwamvita, lakini kacheka.
Mhando hajasema kitu, ila jana
nilimwona anachovya kidole kwenye samli.

Alfajiri hii paka amekuja, amekaa mbele ya kifuniko kitupu,
ananitazama kama mdai.
Nimemwambia, baba, ulichokuwa ukila ni woga wangu,
nao umepungua.
Kisha nikamgawia nusu.
Ukoko wa jana nimemwachia mjukuu.
Anakwangua. Nasikia kila mkwaruzo,
na mate, siwafichi, yananijaa.