Kilomita ya Ishirini na Tatu

Saa kumi alfajiri nawasha greda.
Baridi imeshuka thelathini chini ya sifuri;
ukitema mate, hayafiki chini yakiwa mate.
Hapa Petäjävaara, mwezi wa kumi na mbili,
jua hatulioni, twasikia habari zake tu
kama ndugu aliyehamia mbali.

Kazi yangu ni theluji. Naisukuma kando
nyumba kwa nyumba, hadi kilomita ya ishirini na tatu,
kwa Urpo Niskala, mfuga kulungu wa theluji:
mwisho wa barabara, mwisho wa orodha,
na mwisho, wanong'onavyo kanisani, wa rehema.

Mchungaji Tervo alitugawia vijikaratasi
vya samawati, ishirini kila mmoja.
"Wako gizani," alisema, "na nyinyi mna taa."
Sote tukaitika amina. Sote tukatazama viatu.
Kumi na tisa niliviacha dukani, kando ya betri,
cha ishirini nikakichomeka juu ya kioo cha greda.
Kimekaa hapo misimu mitatu kikipauka,
juu ya utosi wangu, kama deni.

Kwani ningemwambia nini Urpo?
Alimzika Elli mwezi wa pili,
ardhi ikiyeyushwa kwa moto siku mbili ndipo ikubali jembe.
Akavua kofia, akaivaa,
hakukanyaga kanisa tena.
Wiki ya kwanza tulimpelekea keki.
Wiki ya pili tulimwombea.
Wiki ya tatu tukamwita mpotevu,
neno jepesi, halihitaji dizeli.

Juzi dhoruba ilifuta kila kitu,
vijiti vya alama, mtaro, mbele na nyuma.
Greda likainama kama ng'ombe anayetaka kulala,
injini ikakohoa, ikanyamaza.
Nilisali, nakiri, lakini sala fupi,
ya mtu anayehesabu vidole vyake.

Kisha mwanga, mdogo, ukiyumba. Urpo,
barafu imemganda ndevuni.
"Nimesikia ukinyamaza," akasema.
"Kila usiku hukusikiliza. Ukipita, ndipo nalala."

Jikoni kwake kahawa ilikuwa nyeusi kama nje.
Nikatoa kijikaratasi. Nilitetemeka, si kwa baridi.
Akakisoma kwa mkono ulionyooshwa, bila miwani,
akakikunja mara nne,
akakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.
Meza ikatulia.
Tukacheka, Mungu atusamehe, tukacheka sana.

Halafu nikasema, kwa ulimi mzito:
"Urpo, mimi si mhubiri. Najua tu kuna anayetafuta."
"Anatafuta usiku?"
"Usiku."
"Hata kwenye dhoruba?"
Nikatazama buti zangu zikitona maji mbele ya jiko lake.
"Hata kwenye dhoruba."

Akashika ngozi ukutani, akanionyesha sikio
lililokatwa pembe mbili na nusu duara.
"Akipotea, si wa mwitu," akasema.
"Ana mwenyewe. Alama haifutiki kwa kutangatanga."
Nilidhani ananifundisha kulungu.
Kisha, taratibu, kama anayevua mwiba:
"Sasa mbona nyinyi mlikuja wiki moja tu?"

Aya zote nilizokariri tangu utoto
zilikaa kimya kama wageni waliokosea nyumba.
"Tulipotea," nikasema.

Hakujibu. Alimimina kahawa ya pili,
akasogeza sukari upande wangu.

Mchungaji ameniuliza kama vijikaratasi vimeisha.
Vimeisha, nimemjibu, kimoja kinafanya kazi.
Hakuelewa, nami sikufafanua.

Jumamosi nitafika mwisho wa orodha, nizime injini.
Miaka yote nimefungua barabara ya kwenda kwa Urpo,
sikuwaza hata siku moja
kwamba ni hiyo hiyo ya kutoka kwake kuja kwetu.
Nitabisha hodi. Sina karatasi.
Nina mkate wa shayiri, na jina moja
ambalo safari hii nitalitamka
bila kuangalia viatu.